Kichwa Kisichosikia Dawa: Jinsi ya Kuielewa Homa ya Uti wa Mgongo Inayoletwa na Fangasi

Mkoani Kigoma mtu akiumwa kichwa na mwili ukapata joto, jina la kwanza linalotajwa ni malaria, na mara nyingi wanaolitaja huwa hawajakosea, kwa kuwa mkoa huu umo miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini. Shida huanza pale ambapo mgonjwa amekwisha kumaliza dozi ya dawa mseto, akaongezewa dawa za taifodi, akabadilishiwa dawa za maumivu, na kichwa bado kinauma, tena kuliko wiki iliyopita. Mwongozo huu unahusu ugonjwa mmoja ambao si wa kila siku, lakini ambao humuua karibu kila anayeachwa bila tiba yake: homa ya uti wa mgongo inayosababishwa na fangasi aitwaye kriptokokasi. Umeandikwa hasa kwa ajili ya ndugu wa mgonjwa, kwa sababu ugonjwa ukishakolea mgonjwa mwenyewe huwa hana tena utulivu wa akili wa kujiamulia, na maamuzi yote huangukia mikononi mwa mke, kaka, shangazi au baba mdogo aliyesimama kwenye korido ya wodi.

Mahali ugonjwa unapokaa

Ubongo pamoja na ugwe wa mgongo, yaani ule mshipa mkuu wa fahamu unaoshuka ndani ya pingili za mgongo, umefunikwa na tando tatu. Katikati ya utando wa ndani na ule wa kati hupita maji maangavu, ambayo kwa mtu mzima ni takribani mililita 150 kwa wakati wowote, nayo hutengenezwa na kunyonywa upya siku zote, kiasi cha nusu lita kwa siku. Kimelea chochote kikiingia katika maji hayo na kuziudhi tando hizo, ndipo tunaposema mtu amepata homa ya uti wa mgongo. Ni vizuri kulishika jambo hili tangu mwanzo, kwa sababu linaeleza kwa nini ugonjwa hauonekani vizuri kwa kupima damu ya malaria au choo, na kwa nini hatimaye daktari ataomba kuyachukua maji yenyewe.

Vimelea vinavyoweza kufika huko ni vya aina nyingi: bakteria, virusi, kifua kikuu na fangasi. Ile homa ya uti wa mgongo inayozungumzwa redioni wakati wa milipuko, kama ule wa mwaka 2002 uliozigusa Burundi, Rwanda na Tanzania, huletwa na bakteria aitwaye meningokokasi, nayo huambukizwa kwa mate na makohozi kutoka mtu hadi mtu. Huyo ni wa haraka na wa kutisha. Huyu wa fangasi ni wa polepole, haambukizwi kutoka kwa mgonjwa kwenda kwa anayemuuguza, na kwa hiyo hakuna sababu yoyote ya kumtengea mgonjwa sahani, kikombe au kitanda. Fangasi wenyewe huishi katika udongo na vumbi, hasa penye kinyesi cha ndege kama njiwa, na binadamu huwavuta kwa pumzi. Wengi wetu tumekwisha kuwavuta bila kujua, na kinga ya mwili ikawazuia hukohuko mapafuni. Kinga inaposhuka sana, ndipo wanapopata nafasi ya kusafiri kwa njia ya damu hadi kwenye tando za ubongo.

Kwa sababu hiyo wagonjwa wengi katika nchi zetu ni watu wanaoishi na VVU ambao ama hawajaanza dawa, ama waliziacha, ama dawa zimeshindwa kufanya kazi bila wao kujua. Hatari huwa kubwa zaidi CD4, yaani zile chembe za kinga zinazohesabiwa katika damu, zikiwa chini ya 100. Wapo pia wachache wanaoupata kwa kutumia kwa muda mrefu dawa za steroidi, ambazo hushusha kinga ya mwili, kwa kupandikizwa kiungo, au bila sababu inayoonekana, na ndiyo maana si busara kuufuta ugonjwa huu kichwani eti kwa kuwa mgonjwa alipimwa VVU akaonekana hana. Kwa upande mwingine, Kigoma ina kiwango cha VVU kilicho chini ya mikoa kama Njombe na Iringa, na kwa maoni yangu hilo, pamoja na uzuri wake, lina gharama: ugonjwa usioonekana mara kwa mara hausadikiwi mapema, hata na watu wa afya.

Hesabu siku, usihesabu homa

Ukitaka kutambua ugonjwa huu nyumbani, kitu cha kwanza cha kutazama ni kalenda. Homa ya uti wa mgongo ya bakteria hujitokeza kwa saa chache au siku moja mbili: joto kali, shingo kukakamaa, kuogopa mwanga, kutapika, na kwa mtoto mchanga utosi kutuna na kukataa kunyonya. Mtu wa namna hiyo hasubiri mapambazuko, apelekwe hospitali usiku huohuo. Ile ya kriptokokasi hutambaa. Kichwa huanza kuuma kidogo, hupoa kwa panadoli, hurudi, na kwa muda wa wiki moja hadi wiki kadhaa huzidi kuwa kikali, hasa asubuhi au mgonjwa anapolala chali. Homa huweza kuwapo au kutokuwapo kabisa. Shingo haikakamai kwa wagonjwa wengi, kwa hiyo yule anayeinamisha kichwa hadi kidevu kiguse kifua hajathibitisha kwamba yu salama.

Kinachofuata baada ya kichwa ni ishara za maji kujaa mahali pasipo na nafasi ya kupanuka, kwani fuvu ni kama dumu lililofungwa kifuniko. Mgonjwa hutapika bila kichefuchefu cha maana, huona vitu viwiliviwili, jicho moja au yote huvutwa kuelekea puani, masikio hupungua usikivu, na macho huweza kuanza kupofuka. Kisha hubadilika tabia: husahau majina, huongea maneno yasiyopangika, huamka usiku akitaka kwenda ziwani ilhali hajavua kwa miezi, au hukaa kimya siku nzima. Hapo ndipo familia nyingi husema ni mapepo, au ni mkono wa mtu. Sina nia ya kubishana na imani ya mtu yeyote, na wanaotaka kumwombea mgonjwa wamwombee, lakini wamwombee akiwa wodini au wakiwa ndani ya gari linaloelekea huko, kwa sababu kila siku inayopita na shinikizo hilo kichwani hula sehemu ya macho na akili ambayo huenda isirudi tena.

Lipo jambo moja zaidi linalowapoteza wengi. Katika mkoa wenye malaria nyingi, mtu anaweza kukutwa na vimelea vya malaria katika damu na wakati huohuo anaugua kitu kingine. Kipimo cha malaria kikionyesha ndiyo, malaria itibiwe. Lakini ikiwa siku tatu baada ya dozi kukamilika kichwa bado kinauma vilevile, jibu lile la ndiyo limekwisha kazi yake, na mganga wa zahanati aambiwe waziwazi kwamba dawa imemezwa yote na hali haijabadilika. Kununua sindano za deksamethasoni, ambayo ni mojawapo ya steroidi, dukani ili kutuliza kichwa ni kosa la hatari hasa: jaribio la tiba lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kuwa dawa hiyo huwadhuru wagonjwa wa kriptokokasi, ingawa ile ile huwasaidia wenye kifua kikuu cha tando za ubongo. Dawa moja, magonjwa mawili yanayofanana sura, matokeo mawili yanayopingana. Ndiyo sababu kipimo hutangulia.

Kipimo cha kidole, kabla kichwa hakijauma

Kwa anayehudhuria CTC, yaani kliniki ya tiba na matunzo kwa wenye VVU, ipo nafasi ya kuuwahi ugonjwa. Chembechembe za ganda la fangasi hawa huonekana katika damu wiki kadhaa kabla ya dalili kuanza, na kipo kipimo cha ukanda mdogo, kinachofanana na kile cha haraka cha malaria, ambacho hutoa jibu kwa takribani dakika 10. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kipimo hicho kwa watu wazima wenye CD4 chini ya 100, na linaruhusu kifikiriwe hata kwa walio chini ya 200. Kwa hiyo mtu anayeanza dawa za ARV akiwa amechelewa, au anayezirudia baada ya kuziacha kwa miezi, aulize kwa heshima na bila haya: "Samahani daktari, CD4 zangu ni ngapi, na je, nimepimwa kriptokokasi?" Akikutwa na chembechembe hizo bila dalili, atachunguzwa zaidi na kupewa flukonazoli, dawa ya fangasi, ya kuzuia, na huo ni mzigo mwepesi mno ukiulinganisha na ule wa kulazwa.

Kuhusu njiwa, hakuna haja ya kuwachinja. Vumbi lenye fangasi limeenea mahali pengi kiasi kwamba kuondoa banda moja hakumwokoi mtu. Inatosha mwenye kinga dhaifu asiwe yeye anayefagia banda la kuku au njiwa.

Safari ya kwenda hospitali

Zahanati haiwezi kuutibu ugonjwa huu, na vituo vingi vya afya pia haviwezi, hivyo muda usipotezwe kwa kulazwa mahali ambapo hakuna kipimo cha maji ya uti wa mgongo. Ombeni barua ya rufaa. Kwa walio Kigoma Mjini na Ujiji, hospitali ya rufaa ya mkoa ni Maweni. Walio Kasulu, Kibondo, Kakonko na Buhigwe wana hospitali zao za wilaya na za mashirika ya dini, na huko ndiko waanzie ikiwa maabara inafanya kipimo hicho, jambo ambalo mganga wa zahanati anaweza kuuliza kwa simu kabla hamjaondoka. Wanaotoka vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, kusini mwa mkoa, kama Kalya na Buhingu, ambako safari ni ya maji na hutegemea upepo, wasingoje mgonjwa apoteze fahamu ndipo watafute boti. Mtu anayeweza kukaa na kujishikilia husafiri salama zaidi ya yule anayelazwa juu ya magunia ya dagaa.

Mbebeeni kadi yake ya CTC kama anayo, pakiti za dawa zote alizokwisha kutumia zikiwamo zile za dukani na za miti shamba, na karatasi iliyoandikwa tarehe ambayo kichwa kilianza kuuma. Ikiwa mgonjwa alikuwa akificha hali yake ya VVU na wewe ndugu unaijua, mweleze daktari pembeni, bila hadhira. Akipata degedege njiani mlazeni kwa ubavu, legezeni nguo shingoni, na msimtie kijiko wala kidole mdomoni.

Sindano ya mgongo

Hapa ndipo familia nyingi hukwama, na hapa ndipo ninapomsihi msomaji asome polepole. Daktari atasema anataka kuchukua maji ya mgongoni, na mara moja mtu mmoja katika ukoo atakumbuka jirani aliyechomwa sindano hiyo akafa kesho yake, au aliyepooza miguu. Kifo cha jirani huenda kilitokea kweli. Lakini aliyechomwa sindano akafa kesho yake kwa kawaida aliletwa akiwa amekwisha kuzimia, na angekufa hata asingeguswa. Sindano ilikuwa tukio la mwisho ambalo watu walilishuhudia, kwa hiyo ndiyo iliyobeba lawama.

Kuhusu kupooza, maelezo ni ya kimaumbile. Kwa mtu mzima ugwe wa mgongo huishia usawa wa pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sindano huingizwa chini ya hapo, kati ya pingili ya tatu na ya nne au ya nne na ya tano, mahali ambapo hakuna tena ugwe, bali nyuzi za mishipa ya fahamu zinazoelea ndani ya maji na ambazo husogea pembeni sindano inapopita. Mgonjwa hulazwa kwa ubavu akiwa amejikunja, magoti yakielekea tumboni na kidevu kifuani, ngozi husafishwa, hupigwa ganzi, kisha sindano nyembamba huingizwa taratibu. Kazi ya ndugu, akiruhusiwa kuwapo, ni kumshika mgonjwa asijinyooshe ghafla. Zipo hali ambazo daktari mwenyewe ataahirisha, kwa mfano upande mmoja wa mwili ukiwa umelegea, damu ikiwa haigandi vizuri, au ngozi ya mahali pale ikiwa na jipu. Akiahirisha kwa sababu hizo, amefanya sawasawa.

Imewahi pia kutokea habari ya kweli iliyoongeza hofu. Mwaka 2012 nchini Marekani zaidi ya watu 750 waliugua na zaidi ya 60 wakafariki kutokana na maambukizi ya fangasi, wengi wao yakiwa kwenye tando za ubongo, baada ya kuchomwa mgongoni au kwenye viungo dawa ya steroidi iliyochafuliwa katika famasia moja ya kutengenezea dawa huko Framingham, Massachusetts. Wale walichomwa dawa chafu ikabaki ndani ya miili yao, na fangasi wao walikuwa wa aina nyingine kabisa. Sindano tunayoizungumzia hapa haiachi dawa yoyote ndani ya maji hayo, inayatoa. Mtu akikuletea habari hiyo kama sababu ya kukataa, mjibu hivyo.

Na kutoa huko si kipimo tu. Katika homa ya uti wa mgongo ya kriptokokasi, fangasi huziba njia ambazo maji hunyonywa, shinikizo hupanda, na shinikizo hilo ndilo linalopofusha, linalochanganya akili na mara nyingi linaloua katika siku za kwanza. Kwa kawaida likipimwa kwa mrija uliosimamishwa wima maji hayapandi zaidi ya sentimita 20; kwa wagonjwa hawa yanaweza kupita 25 kwa mbali. Daktari akitoa mililita kadhaa, mara nyingine 20 hadi 30, shinikizo hushuka, na wapo wagonjwa wanaofumbua macho na kuomba uji siku hiyohiyo. Kwa kuwa maji hutengenezwa upya kila siku, sindano inaweza kurudiwa kesho na keshokutwa hadi kichwa kitulie. Familia iliyokubali mara ya kwanza kwa shida husema "si mlishachukua jana?" na kukataa mara ya pili. Msikatae ya pili. Ulizeni badala yake: "Daktari, leo shinikizo lilikuwa ngapi kabla ya kutoa, na limebaki ngapi?" Swali hilo huwasaidia ninyi na humkumbusha pia mhudumu aliyelemewa na wodi iliyojaa kwamba namba hiyo inahitaji kuandikwa. Pale ambapo hakuna kifaa maalumu cha kupimia, mrija wa dripu na rula huweza kutumika.

Msishangae maji yakionekana maangavu kama ya kunywa. Maji ya homa ya bakteria mara nyingi huwa na ukungu, lakini haya yanaweza kuonekana safi huku yamejaa fangasi. Jibu hutoka maabara, wala si machoni pa aliyeshika chupa.

Wiki mbili za wodini

Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza amfoterisini B ya liposomu, dawa ya fangasi inayotolewa kwa dripu, kwa dozi moja kubwa, miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito, pamoja na vidonge vya flusitosini na flukonazoli miligramu 1,200 kwa siku kwa siku 14. Pendekezo hilo lilitokana na utafiti uliofanywa Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe. Na kabla yake utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2018, ambao Tanzania ilishiriki pamoja na Malawi, Zambia na Cameroon, ulikuwa umeonyesha thamani ya flusitosini. Dawa hizi hazipatikani kila hospitali kila siku, na zipo njia mbadala zinazokubalika, kwa hiyo ulizeni ni ipi inayotumika na kwa siku ngapi.

Amfoterisini huweza kuleta kutetemeka na homa wakati dripu ikiingia, hupunguza damu, hupunguza potasiamu na huelemea figo, ndiyo maana mgonjwa huongezewa maji ya chumvi na kuchukuliwa damu ya kupima mara kwa mara. Kukataa damu isichukuliwe kwa sababu "amekwisha damu" ni kumnyima ulinzi. Flusitosini humezwa mara nne kwa siku, kila baada ya saa sita, na dozi ya usiku wa manane ndiyo husahaulika. Ndugu anayelala na mgonjwa aweke kengele ya simu na amwamshe.

Niseme pia bila kuficha kwamba hata kwa tiba bora, katika utafiti ule wa dozi moja kubwa karibu robo ya wagonjwa walifariki ndani ya wiki kumi. Waliofika mapema, akili zikiwa bado timamu, ndio wenye matumaini makubwa zaidi.

Jambo linalowashangaza ndugu ni daktari kuchelewesha ARV. Kwa mgonjwa ambaye hakuwa akizitumia, dawa hizo huanzishwa baada ya wiki nne hadi sita za tiba ya fangasi, kwa sababu kinga inayoamka ghafla hushambulia fangasi waliomo kichwani na kuzua uvimbe unaoweza kuua. Msimpe kwa siri vidonge vya jirani. Aliyekuwa tayari akizitumia asiziache wala kuzibadilisha bila kuelekezwa.

Baada ya kuruhusiwa

Flukonazoli huendelea miligramu 800 kwa siku kwa wiki nane, kisha miligramu 200 kwa siku kwa muda ambao kwa kawaida hauwi chini ya mwaka mmoja, mpaka CD4 zipande na wingi wa virusi ushuke. Mgonjwa huanza kujisikia mzima mapema sana kabla ya hapo, na wavuvi hasa hurudi ziwani na kuhama kambi kufuata dagaa. Basi apewe dawa za kutosha safari yake, na kliniki ijue anakokwenda. Mwanamke anayetarajia kupata mimba amweleze daktari, kwa kuwa flukonazoli ya dozi kubwa inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Anayeanza dawa za kifua kikuu aseme pia, kwa sababu rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, hupunguza nguvu ya flukonazoli mwilini.

Kichwa kikirudi kuuma wiki au miezi kadhaa baadaye, hasa baada ya ARV kuanzishwa, arudi hospitali ileile siku hiyohiyo akiwa na karatasi yake ya kuruhusiwa, ambayo inapaswa kuonyesha dawa alizopewa, tarehe zake, na shinikizo la maji lilivyokuwa mara ya mwisho. Piga picha ya karatasi hiyo kwa simu mbili tofauti kabla hamjapanda gari la kurudi.